Pua Haina Mtetezi

Katika hawasi tano alizojaaliwa mwanadamu, macho yana tabibu wake, na chumba chake, na ubao wake wa herufi ukutani. Masikio yana tabibu wake na vyombo vyake vya kupimia sauti. Ngozi ina wake. Hata ulimi hutazamwa na kila daktari amwambiaye mgonjwa autoe nje. Pua peke yake, ijapokuwa imekaa katikati ya uso ambako hapana awezaye kuificha, haina mtu wa kuisemea. Hutazamwa ikitoka damu, hutazamwa ikiziba kwa mafua, hutazamwa ikiota nyama. Lakini kama bado inanusa, na inanusa kwa kadiri gani, na mwenye pua hiyo moyo wake umekuwaje tangu ilipoacha kunusa, hayo ni maswali ambayo mtu aweza kuzeeka akiingia na kutoka zahanati bila ya kuulizwa hata siku moja. Kwa ajili ya maswali hayo nimeshika kalamu. Dai langu ni kwamba kupotewa na harufu ni maradhi kamili, yenye madhara katika mwili na katika nafsi, na kwamba sisi wa mwambao huu, ambao kwetu harufu ilipewa cheo tangu enzi za wazee, tuna sababu kubwa kuliko watu wengi ya kutaka maradhi hayo yapimwe na yatibiwe.

Na tuutazame kwanza mshipa wenyewe. Mishipa ya fahamu itokayo katika ubongo, mbali na ile ya uti wa mgongo, ni jozi 12, na ulama wa tiba walipoihesabu kutoka mbele kwenda nyuma waliukuta mshipa wa kunusia ndio wa kwanza. Juu kabisa ndani ya tundu za pua, mahali ambapo kidole hakifiki, kuna utando mwembamba wa sentimita chache za mraba, uliolowana ute daima. Na katika utando huo zimo chembe za kunusia kwa mamilioni, ambazo kila moja ni neva kamili, upande wake wa nje una vinyweleo vinavyoelea katika ute, na upande wake wa ndani una uzi mmoja mwembamba mno. Nyuzi hizo hukusanyika mafungu mafungu, zikapenya katika mfupa wenye vitundu kama chekecheke uliotenga pua na ubongo, na zikishapenya tu zimekwisha kufika, kwa kuwa juu ya mfupa huo ndipo kilipolala kivimbe cha kunusia, ambacho ni sehemu ya ubongo wenyewe.

Mambo mawili katika mshipa huu yanastahili kuzingatiwa, kwani juu yake imesimama habari yote ya siha na ya hali ya moyo. La kwanza ni kwamba neva zake zimetokeza wazi kukabiliana na dunia: jicho lina kioo chake na sikio lina kiwambo chake, lakini neva ya pua hugusana na hewa yenyewe, pamoja na vumbi, moshi na vijidudu vilivyomo, na kinga yake ni ule ute tu. Kwa sababu hiyo chembe zake hazidumu. Ila Mola amezijaalia jambo ambalo neva nyingi za mwili hazikujaaliwa, nalo ni kuzaliwa upya, majuma kwa majuma, katika maisha yote ya mtu. La pili ni njia inayopitwa na harufu. Habari za macho, za masikio na za ngozi hupita kwanza katika kituo kilichomo katikati ya ubongo, kiitwacho thalamasi, ndipo zikagawanywa; lakini harufu, ikishatoka katika kivimbe chake, huingia bila ya kupitia huko mpaka kwenye amigdala, ambamo hofu na mapenzi huamshwa, na hapo jirani na hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Ndiyo maana mtu husikia harufu ya sabuni aliyokuwa akiogea marehemu mama yake, machozi yakamlengalenga kwanza, na jina la sabuni likamjia baadaye.

Jinsi chembe hizo zinavyotambua kwamba hii ni karafuu na ile ni ndimu ilikuwa siri mpaka mwaka 1991, ambapo Linda Buck na Richard Axel, wakifanya kazi mjini New York, walitoa habari za ukoo mkubwa wa jeni zinazounda vipokezi vya harufu, zipatazo 1,000 katika panya, na ambazo kwa binadamu zilizo hai zimehesabiwa kuwa kiasi cha 400. Kila chembe hubeba kipokezi cha aina moja tu, na kila harufu hugusa aina kadhaa kwa pamoja, basi ubongo huijua harufu kwa mkusanyiko wa vipokezi vilivyoguswa. Kwa kazi hiyo wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2004. Haya ni maarifa ya juzi, na ni ajabu kwamba binadamu alikwisha kutembea mwezini kabla hajajua jinsi anavyosikia harufu ya uji wake asubuhi.

Walakini kuchelewa huko kuna sababu, na sababu yake ni dharau. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya mwanadamu kilichotoka mwaka 1798, aliihesabu hisi ya kunusa kuwa yenye faida haba kuliko zote na ambayo kuikosa si hasara kubwa. Na katika karne ya 19 tabibu wa Kifaransa Paul Broca, alipolinganisha bongo za wanyama, aliona kivimbe cha kunusia cha binadamu ni kidogo mbele ya ukubwa wa ubongo wake, akamtia binadamu katika kundi la viumbe wasioitegemea pua. Maneno hayo yalifundishwa vyuoni kwa zaidi ya miaka 100, hata leo wako watu wenye elimu wasemao kuwa pua ni ya mbwa. Hali mwaka 2017 mtaalamu John McGann, akiandika katika jarida la Science, alionyesha kwamba kivimbe hicho cha binadamu si kidogo kikipimwa kwa haki, na kwamba zipo harufu ambazo pua ya mtu haizidiwi na pua ya mnyama.

Tena iko sababu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyoidhulumu pua zaidi ndani ya hospitali. Zamani matabibu wa Ulaya waliamini kuwa uvundo wenyewe ndio uletao maradhi, na David Livingstone alipokuwa Unguja mwaka 1866 alilalamika mno juu ya mnuko wa taka zilizotupwa ufuoni, akasema kwamba hapana awezaye kudumu na afya njema mahali kama pale. Kisha akaja Robert Koch, akakifichua mwaka 1882 kijidudu cha kifua kikuu, na baada yake vijidudu vya maradhi mengine vikajulikana kimoja kimoja, hata ikadhihirika kwamba auaye si uvundo bali ni kijidudu. Ukweli huo umeokoa roho zisizohesabika, nami naushukuru. Lakini pua, ambayo kabla ya hapo ilikuwa chombo cha tabibu, ilitolewa ukumbini pamoja na kosa lile la zamani. Waliosema kuwa harufu ndiyo maradhi walikosea. Waliofuata nao wakazidisha, wakadhani kuwa harufu haina uhusiano na siha hata kidogo. Waulizeni wakazi wa Dandora, Nairobi, wanaoishi kando ya jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001 na ambalo taka zimeendelea kumwagwa humo, kama uvundo hauna uhusiano na siha: watakueleza habari za kichwa kuuma, za kichefuchefu, za chakula kukataa kupita na za usingizi uliokatika usiku upepo unapogeuka.

Wazee wetu wa pwani hawakungoja vyuo kuwafundisha kwamba harufu ina mahali pake katika utaratibu wa maisha. Nyumba ilifukizwa udi kabla ya mgeni kuingia, na akiondoka alinyunyiziwa marashi kwa mrashi wa fedha au wa shaba. Mzazi katika arobaini yake alikaa katika chumba chenye moshi wa ubani. Maiti alitiwa kafuri. Msikitini mtu aliambiwa asende hali kinywa kinanuka kitunguu saumu. Tazama bibi mtu mzima anavyofukiza nguo za arusi, uone jinsi kazi hiyo ilivyo na adabu yake: makaa ndani ya chetezo hungojwa mpaka yavae jivu jeupe, kwani makaa yenye moto mkali huunguza udi ukatoa moshi mchungu, kijipande cha udi, pengine si kikubwa kuliko ukucha, huwekwa pembeni ya kaa wala si juu yake, tenga hufunikwa juu ya chetezo, nguo zikatandazwa juu ya tenga, na bibi huyo hukaa hapo hapo akizigeuza, akiinua pindo moja na kulinusa, akilirudisha, mpaka atosheke. Na usiku wa arusi pana vikuba, vilivyofungwa kwa asumini na mrehani na mkadi, na Pemba na vilua juu yake, vya kuvaliwa na bibi arusi na kuwekwa kitandani. Watu hawa walikuwa na elimu. Haikuandikwa katika vitabu vya hospitali, lakini ilikuwa elimu ya kujua kwamba hali ya moyo wa mtu aliyemo chumbani haiachani na hewa ya chumba hicho.

Hapo napenda nisimame, kwa kuwa wako wauzaji wa mafuta na uvumba ambao maneno kama haya huyachukua na kuyafanya biashara, wakamwambia mgonjwa kuwa chupa hii inaondoa ghamu, hii inaleta usingizi, hii inaponya shinikizo la damu. Harufu haifanyi kazi hivyo. Ni kweli kwamba mwaka 2008 watafiti walichapisha kuwa kitu kimojawapo kilichomo katika utomvu wa ubani, walipowapa panya, kiliwapunguzia wahka. Na ni kweli kwamba mwaka 2018 watafiti wa Kijapani wa Kagoshima waliona panya wakitulia kwa kunusishwa linalo, ambayo ni harufu iliyomo katika maua ya lavenda, na panya walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakutulia. Hizo ni dalili njema, lakini ni habari za panya. Kwa binadamu, kati ya harufu na moyo, yako maisha yake yote aliyokwisha kuyaishi. Na mfano ulio wazi kuliko yote niujuao umetoka katika karafuu.

Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi, na katika msimu wake kisiwa chote hubadilika harufu. Karafuu mbichi huchambuliwa makonyo usiku, watu wa nyumba moja wakiwa wameizunguka chungu yake kwa mazungumzo na hadithi, asubuhi ikaanikwa juu ya majamvi. Na kadiri jua linavyoipiga, ikitoka katika kijani na wekundu wake na kuingia katika hudhurungi, ndivyo hewa inavyokolea, hata mtu atokaye bandarini Mkoani kwenda Chake Chake huisikia njia nzima. Makonyo nayo hayatupwi, bali hupelekwa katika kiwanda cha Wawi yakatolewa mafuta kwa mvuke. Kitu kitoacho harufu ile huitwa eujeno, nacho ndicho kilicho kingi kabisa katika mafuta ya karafuu. Kwa Mpemba harufu hiyo ni harufu ya fedha baada ya ukata, ya nguo mpya, ya watoto waliolala jamvini wakingoja wakubwa wamalize kuchambua. Mtie Mpemba aliye ughaibuni karafuu mkononi, umtazame uso.

Basi eujeno hiyo hiyo hutumiwa na matabibu wa meno, ambao huichanganya na unga wa zinki wakazibia jino, na kwa sababu hiyo vyumba vyao katika nchi nyingi vimenuka karafuu kwa vizazi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliwanusisha watu eujeno huku wakipima mapigo ya moyo, jasho na joto la ngozi zao. Waliokuwa hawaogopi tabibu wa meno, miili yao iliipokea harufu hiyo kwa furaha. Waliokuwa wakiogopa, miili yao ilionyesha hofu na hasira. Harufu ni moja, mshipa ni mmoja, vipokezi ni vile vile. Kilichotofautiana ni kumbukumbu. Kwa hiyo tabibu au muuguzi au mke wa nyumbani atakaye kumtuliza mgonjwa kwa harufu hana budi kumwuliza kwanza mgonjwa huyo anapenda nini, na utoto wake ulinuka nini. Wala asimfukizie udi mwenye pumu kwa kudhani kuwa kizuri kwa mmoja ni kizuri kwa wote, kwani watafiti wa Oman, nchi ambayo bakhuri ni sehemu ya kila nyumba, walipowachunguza watoto waliona kwamba moshi wake huwachochea kifua wale ambao tayari wana pumu. Mwenye kifua apewe asumini kavu juu ya mto, moshi aondolewe.

Nimezungumza juu ya harufu iliyopo; sasa nizungumze juu ya harufu iliyokosekana, kwa kuwa hapo ndipo penye dhulma. Namjua mama mmoja mpishi wa shughuli, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiita wakati wa pilau kwa pua: kitunguu kikifika pale kinapotakiwa, kabla hakijaungua, alikijua akiwa amekipa mgongo, akisema na watu wengine. Alipata mafua makali, mafua yakaisha, harufu isirudi. Alikwenda hospitali akaeleza, na kijana aliyemwona akamjibu kwa upole, “Mama, shukuru Mungu, hayo si macho.” Naye akamwambia, “Mwanangu, samaki kaoza mbele yangu, nami natia chumvi.” Hakupewa dawa wala maelezo. Baadaye akawa anamsimamisha binti mmoja kando ya sufuria amnusie, kisha akaacha kupika shughuli kabisa; na kilichonihuzunisha zaidi ni kwamba aliacha hata kuhudhuria, kwa kuwa hakuweza tena kujua kama nguo zake zina kutuzi au la, na kwa mwanamke wa pwani aliyelelewa katika marashi, shaka hiyo peke yake yatosha kumfungia ndani.

Kijana yule hakuwa na ubaya, hakufundishwa. Laiti angalifundishwa angalijua kwamba ulimi peke yake huonja utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ule ukolevu wa mchuzi wa nyama, basi. Mengine yote tunayoyaita ladha hupanda kutoka nyuma ya koo mpaka kwenye ule utando wa juu ya pua, ndiyo maana aliyepotewa na harufu husema chakula kimekuwa makapi, na wengine hukonda kwa kukosa hamu, na wengine huzidisha chumvi na sukari wakitafuta kisichopatikana, mpaka shinikizo la damu likawaingilia. Angalijua pia kuwa mgonjwa kama huyo bado atawashwa na pilipili na kutokwa na machozi kwa kitunguu, kwa sababu ukali huo huchukuliwa na mshipa mwingine, wa tano, na asingemdhania kuwa anazua. Na angalimwuliza jambo moja la hatari: mama, nyumbani unapikia nini?

Swali hilo lina uzito leo kuliko zamani, kwa kuwa mitungi ya gesi inaingia katika majiko yetu kwa maelfu, nami ninaipenda, maana inawaondolea mama zetu moshi wa kuni. Lakini gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu ya kumwonya mtu. Ule mnuko tunaousikia hutiwa makusudi. Somo hilo dunia ililipata kwa msiba: mwaka 1937, katika mji wa New London, Texas, Marekani, gesi isiyotiwa harufu ilivuja chini ya shule ikalipuka, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto, na baada ya hapo ndipo sheria zikatungwa. Ulinzi huo wote umeegemezwa juu ya pua. Kwa mtu asiyenusa ni kana kwamba haukutungwa, na hapana amwambiaye.

Kuna jambo jingine ambalo tabibu hana udhuru wa kulipuuza. Mwaka 2014 watafiti wa Chicago walichapisha habari za wazee wa Marekani wapatao 3,000, wa umri wa miaka 57 hadi 85, ambao walipimwa kunusa, kisha wakatazamwa tena baada ya miaka 5. Katika wale waliokuwa hawanusi, asilimia 39 walikuwa wamekwisha kufariki. Katika wale wanaonusa sawasawa, asilimia 10. Pua haikuwaua, ilikuwa ikitoa habari za mwili ambao umeanza kushindwa kujitengeneza, na pengine ile hulka ya chembe zake kuzaliwa upya ndiyo inayoifanya iwe ya kwanza kudhihirisha uchovu huo. Kadhalika ugonjwa wa Parkinson, uletao mtetemeko, na ule wa kusahau wa Alzheimer, aghalabu huipunguza pua miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka na kabla mzee hajayasahau majina ya wajukuu. Si kila mzee asiyenusa anayo maradhi hayo, kwani uzee wenyewe huipunguza pua: Richard Doty na wenzake wa Philadelphia walionyesha mwaka 1984 kwamba katika watu waliopita miaka 80 zaidi ya robo tatu wamepungukiwa sana. Lakini tabibu aliyeuliza mapema atajua amtazame nani kwa jicho la karibu.

Na wasionusa si wazee tu. UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, mamilioni ya watu duniani waliamka asubuhi moja wakaikuta dunia haina harufu. Kirusi kile kilishambulia chembe zinazozitegemeza neva za kunusia, na ingawa wengi walirudiwa, wako ambao mpaka leo kahawa huwanukia mpira ulioungua. Huzuni yao si ya kudekeza, kwani tumekwisha kuona jinsi mshipa huo unavyounganika na makao ya huzuni na furaha. Hata watafiti kwa muda mrefu wamewatumia panya walioondolewa kivimbe cha kunusia kuwa mfano wa maradhi ya sonona. Kisha wako vijana wa bodaboda. Dereva au abiria aangukapo bila kofia ngumu, ubongo hutikisika juu ya ule mfupa wenye vitundu, na zile nyuzi nyembamba zikakatika. Kichwa hushonwa, mguu hutiwa plasta, kijana akaruhusiwa kurudi nyumbani, na majuma baadaye akagundua kwamba hasikii harufu ya mkewe. Katika karatasi zake za hospitali jambo hilo halimo.

Nasema haya katika nchi ambayo imeonyesha dunia nzima jinsi pua inavyoweza kutumikia afya. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa makohozi yenye kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, na sampuli anazoziashiria huthibitishwa na maabara, hata wagonjwa walioponyoka katika kipimo cha kwanza wakapatikana wakatibiwa. Panya aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya mabomu huko Kambodia. Nami naona fahari. Lakini nchi iliyoiamini pua ya panya kiasi hicho yaweza kabisa kuipa pua ya mtu dakika tano.

Dawa yake nayo si ya kuagizwa mbali. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walitoa habari za zoezi la kunusa: mgonjwa hunusa harufu 4, moja baada ya moja, kila moja kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa majuma 12, akiikusudia kila harufu na kujaribu kuikumbuka, na waliofanya hivyo walipata nafuu kuliko wasiofanya. Si wote hupona, wala halimfai kila mtu, lakini madhara halina na gharama yake ni ndogo, na kwa kuwa chembe za pua huzaliwa upya inaelekea kwamba zoezi huzisaidia mpya kupata njia. Harufu hizo nne ni waridi, mkalitusi, limau na karafuu. Karafuu yetu, inayoanikwa jamvini Wete, imo katika tiba ya pua ya Wajerumani, na mgonjwa wa Wete mwenyewe hajaambiwa.

Kilichobaki ni kipimo, na hapo hatuwezi kuazima. Kipimo cha Doty, kinachotumika sana Marekani, kina harufu 40, na miongoni mwake zimo za vyakula kama pai ya boga, ambazo mtu wa Tanga au Mombasa hakuzijua tangu azaliwe, na akishindwa kuzitaja ataandikiwa ugonjwa asiokuwa nao. Twahitaji chetu: karafuu, iliki, mchaichai, kahawa iliyokaangwa, ndimu, asumini, tangawizi, papa mkavu, mafuta ya nazi, mafuta ya taa. Wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waweza kukiandaa katika muhula mmoja, kwa vichupa vidogo na pamba, wakawapima kwanza watu wazima wenye afya wa bara na wa visiwani ili ijulikane kila harufu hutambuliwa na watu wangapi katika 100, wakaondoa zile zinazowababaisha wengi. Kisha wawekwe mbele watu wa aina tatu: kila aliyeumia kichwa, kila aliyepita miaka 60, na kila aingiaye zahanati akisema chakula hakina ladha. Swali lenyewe liandikwe katika fomu ya mgonjwa, chini ya macho na masikio, na nesi afundishwe kwamba jibu la “sisikii harufu” lifuatwe papo hapo na maswali mawili: tangu lini, na je, nyumbani kwako kuna mtungi wa gesi.